Mvinyo mweupe wa pwani ya Afrika Kusini: namna ya kuuchagua na kuufikisha mezani ukiwa bado unanukia

Nimebeba trei Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja, na siku hizi mgahawa umenipa kazi ya kununua vinywaji. Katika miaka hiyo yote sijaona chupa inayoharibiwa mara nyingi kama Sauvignon Blanc kavu, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilohilo, ile inayotoka kwenye shamba moja karibu na bahari huko Afrika Kusini. Huharibiwa dukani, huharibiwa ndani ya buti la gari, huharibiwa kwenye friza, na mara nyingine huharibiwa na mhudumu mwenyewe huku mgeni akitazama. Bei yake iko juu kuliko ya waini ya kawaida, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni harufu. Harufu ikishatoroka, kilichobaki ni maji machachu yenye pombe.

Hatua zote zinazofuata zina kazi moja tu, kuifikisha harufu hiyo puani mwako. Zimeandikwa kwa mtu anayenunua chupa moja au mbili kwa ajili ya chakula cha nyumbani, akiwa na friji ya kawaida, umeme wa kukatika, na joto letu hili.

1. Jua harufu inatoka wapi

Ukiielewa hatua hii, nyingine zote utazibuni mwenyewe.

Sauvignon Blanc ina harufu za makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kijani: pilipili hoho, majani yaliyofyekwa asubuhi, kisamvu kibichi kabla hakijaingia kinuni. Hizo hutokana na kemikali ziitwazo pirazini, na pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa nanogramu chache tu katika lita moja. Jua na joto huzipunguza kadiri zabibu zinavyoiva. Kundi la pili ni la matunda: pasheni, balungi, pera. Hizi ni thioli. Kwenye juisi mbichi ya zabibu nyingi zimefungwa, hazinuki. Hamira ndiyo huzifungua wakati juisi inachachuka. Mtengenezaji mwenye akili huichachusha juisi hiyo kwenye matangi ya chuma cha pua yaliyopozwa, kwa kawaida kati ya nyuzi 12 na 16, ili harufu zisipae na gesi.

Sasa bahari inaingiaje? Mkondo wa bahari wa Benguela hupandisha maji baridi kwenye pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, na hewa inayopita juu ya maji hayo hufika shambani imepoa. Zabibu huiva polepole, uchachu wake haupotei, na ule ukijani haufutiki wote. Kuna pia upepo wa kusini-mashariki unaovuma majira yao ya joto. Watu wa Cape Town huuita Daktari wa Cape kwa kuwa hufagia hewa chafu ya mji, na mashambani hukausha majani yasishikwe na ugonjwa wa ukungu.

Shamba la mfano kwangu ni la Elim, karibu na Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Elim ni kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Moravian mwaka 1824. Wasomaji wa Mbeya na Tabora kanisa hilo wanalijua vizuri. Mizabibu ya biashara ilifika huko miaka ya 1990, na upepo wake hauna adabu: huvunja machipukizi, hupunguza mavuno, na kuacha punje ndogo zenye ganda nene. Mkulima hulia, mnywaji hufurahi, maana harufu nyingi hukaa gandani.

Kuna na Bamboes Bay, upande wa magharibi, ambako mizabibu iko chini ya kilomita moja kutoka majini. Kiwanda cha mvinyo pale Doringbaai kimewekwa ndani ya jengo la zamani la kusindika kamba koche. Constantia, Durbanville, Darling na Walker Bay nayo ni majina ya kuyakariri. Ukiyaona kwenye lebo, ujue bahari haiko mbali.

2. Soma lebo kama unavyosoma mkataba

Hapa ndipo wengi hupigwa, na mtego mkubwa ni maneno mawili: "Coastal Region", yaani Ukanda wa Pwani. Mtu huyasoma akadhani amepata mvinyo wa ufukweni. Kumbe hilo ni jina la ukanda mkubwa sana kisheria, unaobeba Stellenbosch, Paarl, Swartland na hata Tulbagh, mji uliojificha nyuma ya milima na usioiona bahari kabisa. Kinyume chake, Elim iliyo jirani na Cape Agulhas haimo ndani ya "Coastal Region". Iko kwenye ukanda mwingine uitwao "Cape South Coast". Kwa hiyo neno pwani kwenye lebo halikuhakikishii pwani. Tafuta jina dogo. Kadiri jina la mahali linavyokuwa dogo, ndivyo unavyokaribia shamba lenyewe. "Western Cape" ni jimbo zima, "Elim" ni kata.

Jina hilo utalikuta baada ya maneno "Wine of Origin" au herufi W.O. Mfumo huo wa kuthibitisha asili ulianza mwaka 1973, na mvinyo uliopita kwenye ukaguzi hubandikwa kistika chenye namba shingoni mwa chupa. Angalia kistika hicho kabla ya kitu kingine.

Kisha tafuta maneno "Single Vineyard", yaani shamba moja. Afrika Kusini hilo ni neno la kisheria. Shamba lazima liwe limesajiliwa, liwe na aina moja ya zabibu, na lisizidi hekta 6, yaani kama ekari 15. Usilichanganye na neno "Estate", ambalo linaweza kukusanya vipande vingi vya shamba la mwenye mali mmoja, wala na maneno ya kupamba kama "Reserve", ambayo hayakuambii chochote kuhusu udongo.

Ukitaka kujua kwa nini bei imesimama, piga hesabu. Tuseme shamba la hekta 6 lenye upepo mkali linatoa tani 5 tu kwa hekta. Hizo ni tani 30. Kila tani ikitoa lita 650, una lita 19,500, sawa na chupa 26,000 za mililita 750. Hiyo ni dunia nzima, mwaka mzima. Na shamba lenyewe likiwa dogo kuliko hekta 6, kama yalivyo mengi, gawanya tena.

Mwaka ulioandikwa ni wa mavuno. Cape, yaani eneo hilo la mizabibu la Afrika Kusini, huvuna kati ya mwisho wa Januari na Machi, kwa hiyo chupa ya Afrika Kusini huwa na umri wa nusu mwaka zaidi ya chupa ya Ulaya yenye tarakimu zilezile. Kwa mvinyo huu nunua wa mwaka huu au uliopita. Zipo chupa za Constantia na Elim zinazozeeka vizuri kwa miaka mitano na zaidi, lakini zimezeeka kwenye chumba chenye ubaridi, si kwenye rafu ya mtaa wetu. Mimi chupa ya miaka minne iliyokaa Dar siinunui, hata nikipunguziwa.

Kuhusu ukavu: mvinyo mkavu wa huko kwa kawaida hauzidi gramu 5 za sukari kwa lita. Linganisha na soda, yenye gramu 100 hivi kwa lita. Dukani ukiulizwa "drai au swiiti", sema drai. Ukiona maneno "Semi-Sweet" au "Natural Sweet" rudisha chupa, kwa kuwa aina hiyohiyo ya zabibu hutengenezwa tamu pia. Na ukiona "Fumé" kwenye jina, ujue mara nyingi umepitishwa kwenye mapipa ya mwaloni. Unaweza kuwa mzuri sana, ila utanusa vanila na moshi kidogo juu ya matunda, na kama ni mara yako ya kwanza utashindwa kujua kipi ni cha shamba na kipi ni cha mbao.

Alama moja zaidi ningependa uizoee: WIETA, shirika lililoanzishwa mwaka 2002 kusimamia hali za wafanyakazi wa mashamba ya mvinyo. Ina sababu. Mizabibu ya Cape ilipandwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, mvinyo wa kwanza ukakamuliwa Februari 1659, na kazi ngumu ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka Asia, Madagaska na Msumbiji. Kukawa pia na mtindo wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo wa bei ya chini, jambo lililoacha ulevi vizazi kwa vizazi, na lililoendelea kwa siri miaka mingi baada ya kupigwa marufuku. Mimi nikiwa na chupa mbili zinazolingana, yenye alama hiyo ndiyo inayoingia kwenye kikapu.

Kabla hujauliza: mvinyo mweupe wa Dodoma ninaupenda na ninauuza. Lakini Dodoma iko bara, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu yake nyeupe inayojulikana zaidi ni Chenin Blanc. Huo una mwongozo wake.

3. Lichunguze duka kabla ya chupa

Ingia, simama kidogo, sikiliza ngozi yako. Kama wewe unatoka jasho, chupa nazo zinatoka. Duka zuri lina kiyoyozi kinachofanya kazi na rafu za mvinyo ziko mbali na dirisha. Chupa iliyopangwa kwenye kioo cha mbele kama pambo ni ya kutazamwa tu. Jua likiupiga mvinyo ndani ya chupa nyeupe isiyo na rangi, kwa siku chache tu unaweza kuanza kunuka kabichi iliyochemshwa.

Muulize muuzaji bila aibu: "Kaka, umeme ukikatika usiku hapa jenereta inawashwa?" Akicheka, umepata jibu lako.

Halafu itazame chupa yenyewe. Inyanyue kwenye mwanga. Sauvignon Blanc mpya ina rangi ya majani makavu mepesi, mara nyingine na ukijani kwa mbali. Ikiwa imefika rangi ya chai ya rangi, iache. Kama ina kizibo cha gome, pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa. Kizibo kilichojisukuma juu kidogo, au mchirizi wa kunata chini ya karatasi ya shingoni, maana yake mvinyo ulipata joto ukavimba. Nyingi siku hizi zina kifuniko cha kuzungusha, na kwa mvinyo huu mimi nakipendelea. Watu huona kifuniko hicho ni dalili ya bei rahisi, na hawajui kwamba wanakimbia kinachozuia hewa vizuri zaidi.

Ikiwezekana, nunua chupa iliyotoka kwenye friji ya duka au ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa.

4. Njiani na nyumbani

Buti la gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Nunua mvinyo mwisho wa mizunguko yako, uuweke ndani ya gari kwenye upande wenye kivuli, nenda nyumbani. Kwenye bodaboda, ufunge na gazeti lililolowa maji; yakikauka njiani yanaondoka na joto.

Nyumbani, kama utaunywa ndani ya mwezi mmoja, uweke kwenye friji, rafu ya chini, na uuache hapo. Wataalamu wa Ulaya watakwambia friji ni kavu mno na inatikisika. Kwao kuna pishi zenye nyuzi 13. Kwetu sisi chaguo ni friji au nyuzi 31 juu ya kabati.

Somo hili nililipia. Mwaka fulani, mwezi wa Februari, nilipokea boksi la chupa kumi na mbili siku ambayo friji ya kaunta ilikuwa imejaa bia. Nikaliweka stoo ya nyuma chini ya bati, nikisema nitalihamisha kesho. Nililikumbuka baada ya wiki tatu. Nilipofungua ya kwanza, pasheni ilikuwa imeondoka yote, imebaki hoho iliyochemshwa. Nikafungua ya pili nikitumaini. Hali ileile. Baadaye ndipo nilipojua sababu: thioli inayobeba pasheni huvunjika yenyewe polepole, na joto huiharakisha, wakati pirazini ni ngumu, hazitikisiki kirahisi. Ndiyo maana mvinyo uliopigwa na joto hauwi na ladha mbaya ya kukutapisha. Unakuwa wa kijani tu, mkali, usio na tunda, na mtu huhitimisha kwamba Sauvignon Blanc haimpendezi.

5. Kupoza: usichelewe, usizidishe

Unataka nyuzi 8 hadi 10. Ukiwa na joto zaidi ya hapo pombe inatangulia puani. Ukiwa baridi zaidi harufu inalala, nawe umelipia harufu.

Kutoka kwenye joto la chumba, friji huchukua saa tatu hivi. Kama wageni wako mlangoni, chukua ndoo. Weka barafu nusu, kisha maji mpaka yafike shingoni mwa chupa, kisha konzi ya chumvi, koroga. Dakika 20 zinatosha. Maji usiyaruke. Barafu peke yake hugusa chupa hapa na pale, na hewa iliyo katikati haipitishi baridi. Maji huziba nafasi zote hizo. Chumvi nayo huyashusha maji hayo chini ya sifuri bila kuganda.

Friza iache. Najua utaitumia, kwa hiyo walau weka kengele ya simu kwa dakika 25. Mvinyo huganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, hutanuka, na husukuma kifuniko au kupasua chupa. Nimeokota vipande vya kioo kati ya mifuko ya kamba zaidi ya mara moja.

Jasho la chupa lisikudanganye. Kwa unyevunyevu wa Dar chupa hutoa jasho hata ikiwa nyuzi 18, na mgeni akiliona anadhani imeiva kwa baridi. Mimina kijiko kimoja, onja. Kama ulimi unakufa ganzi na hunusi kitu, imezidi, acha dakika kumi mezani. Kama unasikia joto la pombe kooni kabla ya tunda, rudisha kwenye ndoo.

Na vipande vya barafu ndani ya glasi? Nyumbani kwako huhitaji ruhusa yangu. Ila chupa ya shamba moja ikiongezewa maji ni kama kununua karafuu ya Pemba ukaichemsha mara tatu kabla ya kupika pilau.

6. Kufungua, kunusa, kukataa

Tumia glasi yenye tumbo kidogo na mdomo uliokaza. Jaza theluthi moja, si zaidi. Katika joto letu glasi iliyojaa hupata moto kabla hujaifikia nusu, na bila nafasi ya juu harufu haina pa kukusanyika. Ni afadhali uongezewe mara nne. Vikombe vya plastiki waachie watoto na juisi.

Shika mguu wa glasi, usikumbatie tumbo lake. Nusa kwanza bila kuzungusha. Kisha zungusha mara mbili tatu, nusa tena. Mara ya pili mara nyingi ndipo pasheni hujitokeza. Usijilazimishe kupata orodha ya matunda iliyoandikwa nyuma ya chupa. Ukipata embe bichi yenye chumvi ya mtoto wa shule, sema embe bichi. Pua yako imekulia hapa.

Baadhi ya harufu hutisha bure. Jasho kidogo, au ile ambayo wataalamu bila haya huiita mkojo wa paka, ni thioli zilezile za pasheni zikiwa zimezidi kipimo, na hukaa sawa mvinyo ukipata hewa. Harufu ya kiberiti kilichowashwa nayo hupotea kwa kuzungusha glasi.

Za kukataa ni hizi: gunia lililolowa au boksi lenye ukungu, ambayo ni kizibo kibovu, na tufaha lililokatwa likaachwa mpaka likawa kahawia, ambayo ni hewa iliyoingia. Mgahawani ukikutana nazo mwambie mhudumu kwa sauti ya kawaida, "Dada, naomba unuse kidogo hii." Usianze na neno umeharibika. Mhudumu akinusa mwenyewe, chupa inabadilishwa kabla ya mabishano.

7. Chakula

Hapa ndipo mvinyo huu unapolipa.

Jioni moja mzee alikuja na familia yake kusherehekea binti yake kuhitimu chuo. Binti ndiye aliyechagua chupa. Nikammiminia mzee kidogo aonje, akakunja uso.

"Kijana wangu, hii imechacha."

"Hapana mzee, ndivyo ulivyo. Naomba uuache kwanza, samaki anakuja."

Changu alipofika, mzee akakamulia ndimu, akala vipande viwili, akainyanyua glasi kwa mashaka, akanywa. Akanyamaza. Akala tena. "Hebu lete ile chupa," akasema, "niisome."

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Chakula kikiwa na uchachu kuliko mvinyo, mvinyo huonekana umepooza. Mvinyo ukiwa na uchachu sawa na chakula au kukizidi kidogo, vyote viwili huamka. Pwani yetu hupika kwa ndimu na ukwaju, na Sauvignon Blanc ya sehemu zenye ubaridi ni kati ya mvinyo mweupe wenye uchachu wa kutosha kusimama navyo.

Kwa hiyo pweza wa kukaanga mwenye chumvi na ndimu ndiye wa kwanza kwangu, kabla ya samaki yeyote. Kamba wa kuchoma, chaza, ngisi, wote sawa. Samaki wa kupaka anakubali vizuri mradi ukwaju usikike. Rojo likiwa tui tupu, zito na tamu, mvinyo utaonekana mwembamba, basi ongeza ukwaju kidogo sufuriani. Jambo ambalo wageni hawalitarajii ni mboga za majani. Kisamvu cha nazi au matembele yaliyopikwa na nyanya chache hukutana na ule ukijani wa pirazini kama ndugu waliopotezana.

Pilipili uwe nayo makini. Pombe ya asilimia 13 huchochea muwasho, kwa hiyo pilipili kichaa ikizidi husikii tena chochote. Achari ya ndimu na siki vinaua kila kitu. Kachumbari itengeneze kwa ndimu mbichi. Nyama choma mpe mtu mvinyo mwekundu. Keki ya siku ya kuzaliwa ije baada ya glasi kuondolewa, kwa sababu sukari ya keki huufanya mvinyo mkavu uwe kama maji ya limau yasiyo na kitu.

Mezani kwetu mara nyingi nusu ya watu hawanywi pombe. Waandalie maji ya ukwaju yenye tangawizi, yaliyopozwa vilevile, kwenye glasi zilezile. Uchachu wa ukwaju unafanya kazi ileile kwa samaki, na hakuna anayekaa na chupa ya soda pembeni kama aliyesahauliwa.

8. Kilichobaki

Chupa moja ya mililita 750 ni glasi tano za mililita 150. Ikibaki, funga kifuniko palepale, usisubiri mwisho wa chakula, irudishe kwenye friji ikiwa wima. Kesho yake utakuta tunda limepungua lakini bado unanyweka. Kama una chupa ndogo safi ya maji, hamishia humo ijae mpaka mdomoni, hewa ikose nafasi. Utapata siku moja ya ziada.

Siku ya tatu ni ya sufuria. Kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta kidogo, tia kamba, wakianza kugeuka rangi mimina glasi moja ya mvinyo, acha uchemke kwa nguvu dakika tatu mpaka mvuke wa kuchoma pua uishe, kisha tui la kwanza vijiko viwili na giligilani. Kama mezani kuna asiyetumia pombe, mpikie wake pembeni kwa ndimu, maana si pombe yote inayoisha motoni.